Printa gani na wino gani kwa picha za kupaka rangi na mkono: vile nafanya hapa Goma

Jambo wandugu. Mimi nachapisha picha za kupaka rangi na mkono hapa Goma, za aina mbili. Ya kwanza ni zile za mistari mitupu kwa watoto, chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), gorila wa Virunga, mitumbwi ya kuvua sambaza (samaki wadogo) ikiwa ku ziwa usiku na taa zake. Ya pili ndo iko karibu na roho yangu: foto nyeusi-nyeupe ya mzazi ao ya arusi, naitoa hafifu ku karatasi nzito kisha naipaka polepole na burashi na kreyo (penseli) za rangi, kama mafundi wa foto wa zamani walivyokuwa wakifanya mbele foto za rangi hazijaenea.

Karibu kila wiki mtu ananiuliza, papa, ninunue printa gani, na mimi namurudishia swali: utapaka na nini? Juu kama ni kreyo kavu, karibu printa yoyote itakufaa, usipoteze pesa. Lakini siku unagusa maji ndo unajua wino wako uko wa namna gani.

Mwanzoni ilinipata. Mama mmoja alinileteya foto ya marehemu baba yake, moja tu iliyobaki kisha volkano ya 2021, nikaiskani, nikachapisha, nikaanza kupaka shati na rangi ya maji, na kola ikaanza kukimbia mbele ya macho yangu, nyeusi ikageuka zambarau ikaingia mpaka ku kidevu. Duka lililoniuzia ule wino lilikuwa limeniapia kwamba hautoki. Foto yenyewe ya mama ilikuwa salama, lakini nilirudia ile kazi mara tatu, na toka hapo sinunui wino juu ya maneno ya mtu.

Hatua ya 1: Ujue wino wako uko wa namna gani

Kuna vitu vitatu tu. Wino wa kuyeyuka, ambao rangi yake imeyeyuka mu maji kama sukari mu chai, unaingia ndani ya karatasi, unang'aa vizuri, lakini ukirudishia maji unaamka na kutembea. Ku boksi utaona wameandika dye ao colorant. Wa pili ni wa pigimenti, hapa rangi haijayeyuka, ni chembe ndogo sana zinazoelea, maji yakikauka chembe zinabaki zimeshika karatasi, na burashi ikipita juu hazitoki kirahisi. Ku boksi ni pigment ao pigmenté. Wa tatu ni tona ya printa ya leza, hiyo haiko wino, ni unga wa plastiki ambao mashine inauyeyusha na moto wa karibu digrii 200 mpaka unagandana na karatasi. Maji hayauwezi kabisa.

Sasa sikiliza fasi watu wengi wanadanganyika. Mashine nyingi za nyumbani zinachanganya: nyeusi ni pigimenti lakini bluu, nyekundu na njano ni za kuyeyuka. Canon za G kama G2411 na G3411 ziko hivyo, HP Smart Tank pia, na Epson L4260 nayo. Lakini Epson L3110, L3150 na L3250, zile unaona karibu kila fasi, rangi zake zote nne ni za kuyeyuka, ata nyeusi. Sisemi ni mashine mbaya, kwa kazi ya ofisi na foto za kawaida ziko muzuri sana, ila mistari yake haitavumilia rangi ya maji. Zile Epson zenye wino unaoitwa DURABrite, hizo rangi zote nne ni pigimenti, na ukiipata ikiwa nzima na kartushi zake zinapatikana, usiiache.

Hatua ya 2: Jaribu mbele ya kununua

Hii ndo hatua naomba usiiruke. Goma imejaa sekretariati piblike, kila kona kuna mtu na mashine yake ya fotokopi na kuchapisha. Weka picha yako ku yuesibi ao ku simu, zunguka fasi tatu ine zenye mashine tofauti, muombe yule kaka ao dada akutolee ukurasa mmoja, na umuulize kwa heshima mashine ni gani na anaweka wino gani, ni wino wa chupa yake ya kweli ao ule wa kujazia. Andika nyuma ya karatasi na kalamu. Peleka nyumbani, acha mpaka kesho yake, juu wino mbichi hata ule wa pigimenti unaweza kukudanganya.

Kesho yake fanya hivi: chovya kidole mu maji, pitisha ku mustari mweusi mara tano. Kisha chukua burashi yenye rangi ya maji hafifu, njano ndo inaonyesha vizuri, pitisha juu ya mustari na ngoja ikauke. Njano ikibaki njano, umepata. Ikigeuka kijani ya matope, wino ule unayeyuka. Kama unatumia fetri (kalamu nene) za wino wa alkoli jaribu nazo pia, juu alkoli haiko sawa na maji, wino unaovumilia moja unaweza kushindwa na ingine, na ata tona mara ingine inachafuka fetri ikirudi-rudi fasi moja. Kama ni ya leza, ongeza kukunja karatasi na kukwaruza na kucha uone kama unga unabanduka.

Gharama ya zoezi lote ni franka kidogo, na inakuepusha kununua mashine ambayo itakuudhi miaka.

Hatua ya 3: Leza ao ya wino?

Kwa picha za mistari za watoto, hasa ukitoa nyingi za shule ao za kanisa, leza nyeusi-nyeupe ni nzuri, mustari uko mukali, tona haikauki mu mashine ata ukikaa mwezi hauchapishi, na mutoto akimwaga maji hakuna kitu. Lakini umeme! Leza ndogo kama HP P1102 inavuta karibu wati 360 ikichapisha, na wakati inapasha moto inaruka zaidi kwa kitambo kidogo, kainveta ka sola kadogo kanalia na kuzima. Printa ya wino kama L3250 inavuta karibu wati 12, ata sola ya nyumba inaibeba bila shida. Kwa hiyo kama kwako umeme unakatika-katika, piga hesabu ya hiyo mbele ya bei ya mashine.

Kwa foto za watu mimi sitaki leza. Tona inakaa juu ya karatasi kama ngozi ya plastiki, inang'aa kidogo, fasi yenye giza kreyo inateleza na rangi ya maji inakimbia inaacha vitone. Ku mustari haileti shida, lakini ku shavu la mtu inaonekana.

Kuhusu kartushi (kisanduku cha wino unachobadilisha kikiisha) na tenki (unaijaza wino wa chupa): kartushi ndogo kama HP 123 imeandikwa kurasa karibu 120 za nyeusi, chupa ya Epson ya L3110 imeandikwa 4,500, ya Canon GI-490 nyeusi 6,000. Hizo kurasa wanazopimia ni za maandishi machache, foto inakula wino mara nyingi zaidi, lakini tofauti unaiona. Mimi nashauri tenki yenye nyeusi ya pigimenti.

Na ku soko uwe makini na chupa. Kuna wino unaoitwa wa mashine zote, mara nyingi ni wa kuyeyuka. Kuna pia wino wa sublimation, ule wa kuchapisha ku tisheti na vikombe, chupa zinafanana kabisa, huo haufai hapa. Na usichanganye pigimenti na wino wa kuyeyuka mu tenki moja, unaweza kugandana ndani ya mashine na kuziba kichwa kinachotoa wino.

Hatua ya 4: Karatasi

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba ni ya kreyo tu, maji yanaikunja kama chapati. Kwa watoto wanaopaka na rangi ya maji tumia gramu 160 kwenda juu. Kwa foto za watu mimi napenda Canson ya kuchora, ile wanafunzi wananunua, ya gramu 180 ao 224, nakata saizi ya A4 na rula na wembe, nahakikisha pembe ziko sawa sawa juu zikipinda mashine inavuta upande.

Angalia printa inavuta karatasi wapi. Ile ya kuingizia nyuma inapitisha karatasi karibu wima bila kuikunja sana, nzito inapita. Ile yenye droo mbele chini inaigeuza nusu duara, nzito inakwama. Leza ndogo nyingi zinaishia karibu gramu 160. Weka karatasi moja moja, upande laini, wenye mabonde machache, uangalie pale kichwa kinapochapisha, na usitumie ya kung'aa, rangi ya mkono haishiki.

Hatua ya 5: Tayarisha picha, na hapa naomba utulie

Rangi ya maji na kreyo zinapitisha mwanga, haziwezi kuangaza fasi ambayo imeshakuwa nyeusi. Maelekezo mengi unayoyaona ku intaneti yameandikwa kwa ngozi nyeupe, ukiyafuata ku foto ya mtu wa kwetu uso unatoka kama umepakwa makaa, rangi yoyote unaweka juu inakufa. Ngozi zetu ziko na nyekundu, ziko na dhahabu, mu kivuli ziko na bluu, na hiyo yote unaiweka wewe na burashi, kama printa imekuachia fasi.

Kwa hiyo fungua foto mu Snapseed ao programu yoyote, ondoa rangi, kisha angaza zile sehemu za kati mpaka uso ufanane na majivu mepesi. Utaona kama umeharibu, usiogope. Mimi napunguza karibu nusu ya weusi. Macho, nywele na kingo za nguo ndo naacha zikiwa na nguvu kidogo. Chapisha uso peke yake mara tatu ku karatasi moja, hafifu, hafifu zaidi, hafifu sana, upake zote tatu, na uchague. Picha iwe na pikseli za kutosha, 300 kwa inchi kwa saizi utakayotoa.

Kwa picha za mistari ni rahisi: nyeusi kabisa, mustari munene kwa watoto wadogo, hakuna kijivu.

Hatua ya 6: Mipangilio ya printa

Hapa ndo wenye printa nzuri wanaharibu. Ukichagua aina ya karatasi kuwa ya foto, hizi mashine zenye nyeusi ya pigimenti mara nyingi zinaiacha hiyo nyeusi, zinatengeneza nyeusi kwa kuchanganya rangi tatu za kuyeyuka. Unaona nyeusi, unapaka, inakimbia zambarau. Kwa hiyo chagua karatasi ya kawaida, ata kama uliyoweka ni Canson, chagua nyeusi-nyeupe, na ubora wa juu. Utaona vidoti vidoti ku kijivu kwa sababu inatumia nyeusi moja tu, ukishapaka havionekani. Kisha fanya tena lile jaribio la kidole, ku karatasi hiyo hiyo na mpangilio huo huo.

Watu wananiuliza juu ya kuchapisha na rangi ya kahawia ili uso uwe na joto. Kama mashine yako yote ni pigimenti, fanya. Kama iko mchanganyiko, usifanye, ile kahawia itatoka mu rangi za kuyeyuka. Toa kijivu tu, na joto uliweke kwa mkono.

Hatua ya 7: Kausha, paka

Acha siku moja nzima. Bandika karatasi ku ubao na skochi (utepe wa gundi) ya karatasi pande zote ine isijikunje. Pitisha kahawia-nyekundu hafifu sana ku ngozi yote, burashi isiwe na maji mengi, mara moja, usirudi-rudi, ata pigimenti ukiisugua itachoka. Ikikauka, tabaka ya pili acha paji la uso na mfupa wa shavu. Vivuli vya shingo na kando ya pua ongeza bluu kidogo. Kitenge nakipaka mwisho, na kreyo, juu maua yake yanataka ncha kali, na kama familia iko namuuliza mama ile nguo ilikuwa rangi gani. Wanakumbuka. Yule mama wa foto ya baba yake alinipa mpaka rangi ya vifungo.

Kutunza mashine

Toa ukurasa mmoja kila wiki wenye rangi zote, wino usikauke mu kichwa. Zima na kitufe cha printa yenyewe, usichomoe waya, juu kitufe ndo kinarudisha kichwa ku kofia yake, umeme ukikatika katikati ya kazi kichwa kinabaki wazi, kwa hiyo ukirudi tu washa kisha uzime vizuri. Na vumbi letu la mawe ya volkano, hasa mwezi wa sita mpaka wa nane, linaingia fasi zote, mimi nafunika yangu na kitenge kila jioni na natoa karatasi nyuma nafunga mfuniko. Picha iliyoisha weka ku fremu yenye kioo, katoni nyembamba katikati isiguse kioo, na uitundike ukuta ambao jua la dirisha haliufikii.