Kabla hujaitegemea flashi ya Puppy Linux, pitia haya kwanza

Wengi wanaonitafuta wana laptopu ambayo hadi diski imekufa, au kila ukipiga Windows upya baada ya wiki mbili inarudi kukoroma, na hela ya kununua nyingine haipo. Puppy Linux, mfumo endeshi mwepesi unaowaka kutoka kwenye flashi badala ya Windows, itakufaa kabisa. Barry Kauler wa Australia aliianzisha 2003 na toka mwanzo imelenga mashine dhaifu, toleo la Fossapup64 9.5 lina kama MB 400 tu, kwa hiyo hata bando dogo linaidanlodi. Ila usikurupuke.

Flashi ya GB 8 inatosha sana. Inunue dukani ambako unaweza kurudi, hata kama ni Kariakoo kuna maduka ya kueleweka, usinunue kwa anayepitisha kwenye foleni. Zipo flashi zimeandikwa GB 128 na ndani ni 8, inapokea mafaili yako bila kulalamika halafu ikijaa inaanza kuandika juu ya yale ya mwanzo. Ijaribu na H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi, kabla hujaweka chochote, inachukua muda, iache imalize.

Rufus, programu ya Windows ya kuiweka Puppy kwenye flashi, inafuta kila kitu kilichomo, hamisha picha zako kwanza, na jina la diski lisome mara mbili kabla ya kubonyeza Start.

Kitufe cha kuchagua kubuti kwa flashi, yaani mashine iwakie kwenye flashi, HP mara nyingi ni F9, Dell na Lenovo F12. Mashine ya zamani ya biti 32 chukua toleo la Puppy liitwalo BookwormPup32, usilazimishe ya 64.

Kama mashine ina Windows yenye BitLocker, ile inayofunga diski kwa siri, usiende kuzima Secure Boot, ulinzi unaoweza kuzuia Puppy isiwake, kabla hujaandika pembeni ile rikavari kii ya tarakimu 48, maana Windows inaweza kukuomba ukirudi, na huna hiyo namba ndo mafaili yako umeyaaga.

Sasa hili la umeme naomba lisome taratibu.

Mwaka naandika ripoti ya fildi nilikuwa nimepanga Mbagala, laptopu ya mtumba, betri imekufa kabisa inaishi kwa waya. Asubuhi nikabuti Puppy kwa mara ya kwanza, nikapenda jinsi ilivyo nyepesi, nikaanza kuandika hapohapo. Kila nikimaliza ukurasa nabonyeza Ctrl+S, faili nikilitafuta kwenye folda naliona kwa jina lake, nikajua niko salama. Saa tisa mchana umeme ukakata. Feni ikasimama, kioo kikawa cheusi. Uliporudi jioni nikawasha, Puppy ikaanza kuniuliza lugha na saa za eneo kama ndo tunakutana leo, nikafungua folda, tupu. Kurasa 11 na majedwali yote ya dodoso, na kukabidhi ilikuwa keshokutwa. Nilikaa barazani mpaka giza likaingia, mama mwenye nyumba akaja kuniuliza, mwanangu kuna msiba?

Iko hivi. Puppy ikiwaka inajipakia yote kwenye ramu, kumbukumbu ya muda ya mashine, kasi yake inatoka hapo, na ile folda unayoiona ni yako nayo iko kwenye ramu. Faili la kutunzia kazi linatengenezwa pale unapoizima kwa utaratibu mara ya kwanza, ndipo inakuuliza kama unataka kutunza. Mimi sikufika huko, na ramu ikikosa umeme haibaki na kitu.

Kwa hiyo kabla hujaandika hata herufi, iwashe, izime, kubali kutengeneza hilo faili, iwashe tena. Hata hapo usilegee, ukitumia flashi mambo mapya yanakaa kwanza kwenye ramu, bonyeza ile ikoni ya Save iliyoko kwenye deskitopu mara kwa mara. Kazi ya maana kabisa ipeleke moja kwa moja kwenye flashi, chini ya deskitopu utaona alama za diski, sda1, sdb1, bonyeza ya flashi yako ifunguke, sevu humo. Halafu jitumie nakala kwa imeili, kila jioni, hata kama umechoka.

Na kama flashi imefomatiwa kwa FAT32, lile faili la kutunzia kazi haliwezi kufika GB 4, usishangae ikikataa.

Mengine ni ya kawaida. Usichomoe flashi mashine ikiwa imewaka. Puppy inakuingiza kama root, mwenye mamlaka yote, bila kuuliza neno la siri, kwa hiyo akiiokota mtu kwenye daladala amepata kila kitu chako, ikikuuliza kuhusu kulifunga faili kwa neno la siri kubali na uliandike mahali. Kompyuta ya ofisini usiibuti bila kuomba ruhusa, na ya steshenari muulize mwenye nayo kwanza, na ukimaliza hakikisha flashi umeondoka nayo.