Spidomita imekufa na tairi la mbele linacheza? Anzia kwenye hapu (kitovu cha tairi) kabla hujanunua waya

Wakuu, hapa Tanga pikipiki za zamani bado zipo nyingi sana, CG 125 zile za Honda zilizoanza kutoka 1976, XL za mabwana shamba, na ndugu zao wa Kichina waliotengenezwa kwa ramani ya CG. Nyingi ukiziangalia mshale wa spidi umelala kwenye sifuri, ukimuuliza mwenyewe anakwambia waya umekatika tu. Sawa, mara nyingi waya umekatika kweli, ila umekatwa na kitu kilichoko chini kwenye tairi, na ukifunga mpya bila kufungua tairi huo nao unakatika na hela imeshaenda. Kazi ya spidomita na kazi ya beringi za mbele ni kazi moja, ekseli unaitoa mara moja tu, kwaiyo zifanye pamoja.

Kwanza ujue inavyofanya kazi. Kwenye paneli ya breki, ile sahani inayobeba viatu vya breki, ndani kuna gia kubwa ya duara na kagia kadogo kenye meno ya kupinda. Gia kubwa inaburuzwa na hapu kwa masikio mawili yanayoingia kwenye nafasi zake, yenyewe inageuza ile ndogo, ile ndogo inageuza waya wa ndani mpaka juu kwenye saa, yaani spidomita yenyewe. Ndani ya saa kuna sumaku inayozunguka karibu na kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa, ndio inayovuta mshale. Zenye diski mbele gia inakaa kwenye kisanduku chake pembeni ya hapu lakini mchezo ni uleule.

Sasa kabla ya kufungua chochote chini, fungua nati ya waya pale kwenye saa, weka stendi kubwa, tia gogo au kreti chini ya injini mpaka tairi la mbele lielee, alafu lizungushe kwa mkono kwenda mbele huku unaangalia ncha ya waya wa ndani. Inazunguka vizuri? Basi tairi na gia ni vizima na ugonjwa uko kwenye saa. Haizunguki, au inazunguka kidogo alafu inasimama, fungua na upande wa chini uvute waya wa ndani. Umekatika utauona. Haujakatika, tazama ncha zake, zinatakiwa kuwa na pembe nne kali, zikishakuwa duara hapo hazishiki kitu. Kama waya ni mzima na ncha ni nzima, jibu liko ndani ya paneli na hapo inabidi tairi litoke.

Tairi likiwa bado limening'inia lishike juu na chini ulitikise kwa pembeni. Likigonga gonga, beringi za hapu zimekwisha. Usichanganye na beringi za usukani, zile unapima kwa kushika miguu ya shokapu chini na kuivuta mbele nyuma. Zungusha tairi tena uweke kiganja kwenye mguu wa shokapu, beringi yenye mchanga utaisikia inakwaruza mkononi kabla hata sikio halijaisikia. Kwetu huku hii ni kawaida sana, wanaobeba samaki pale mwaloni Deep Sea wanapita kwenye maji ya chumvi kila siku, wanaokwenda Tongoni na Pangani wanakula vumbi, wa Pongwe na Maweni wanakula vumbi la mawe, alafu jioni pikipiki inapelekwa kuoshwa kwa mashine ya presha na kijana anaelekeza maji moja kwa moja kwenye hapu. Maji yale yanapita sili yanaingia kwenye beringi na kwenye gia ya spidi. Nawaomba sana, pale kwenye hapu tumieni ndoo na kitambaa.

Kutoa tairi: legeza waya wa breki, chomoa waya wa spidi, toa kipini kwenye nati kama kipo, fungua nati, gonga ekseli taratibu kwa kipande cha mbao, usiigonge na nyundo tupu utaharibu nyuzi. XL zina vifuniko vinavyobana ekseli chini ya shokapu, angalia alama ya mshale au ya kuelekea juu iliyopo kwenye kifuniko kabla hujafungua. Bushi na washa zipange kwenye kitambaa kwa mpangilio zilivyotoka, kushoto kushoto, kulia kulia, piga picha na simu kabisa.

Paneli ikishatoka, vumbi la breki usilipulize kwa mdomo, viatu vya zamani vingine vina asbesto na hiyo mapafu hayaisamehi. Futa na kitambaa chenye maji. Alafu futa grisi ya zamani kwenye gia uangalie kwa makini. Kuna moja iliyoletwa Makorora juzi, grisi ilikuwa imekauka mpaka imekuwa ngumu kama sabuni ya kipande, na mchanga mweupe wa pwani umo ndani, ukiikwangua na bisibisi unaona sikio moja la gia limekatika kabisa na la pili limekunjwa. Waya ulikuwa haujaguswa. Na mwenye pikipiki alikuja na waya mpya mkononi. Hapo gia ndogo ikiwa imekwama kwa grisi kavu, kitu dhaifu ndio kinakatika, siku nyingine ni sikio, siku nyingine meno ya gia ya plastiki, siku nyingine waya. Kwaiyo kabla ya kufunga kitu kipya hakikisha gia ndogo inazunguka kwa kidole bila kulazimisha na washa yake nyembamba ipo. Masikio yaliyokunjwa kidogo unaweza kuyanyoosha na plaizi, yaliyokatika nunua gia, usichomelee, ukichomelea inapinda na inakula paneli.

Beringi sasa. Soma namba iliyoandikwa pembeni yake, CG nyingi ni 6301, yaani tundu milimita 12, nje 37, unene 12, lakini nenda dukani na ya kwako mkononi. Chukua zenye raba pande mbili, zile zinazoandikwa 2RS, kwa pwani bati peke yake halizuii chumvi. Kuzitoa, ingiza fimbo ya chuma kutoka upande wa pili, sogeza bomba la katikati, lile linalokaa ndani ya hapu kati ya beringi mbili, kidogo pembeni upate pa kugonga, gonga kwa kuzunguka pande zote ili isitoke kwa kulala. Beringi iliyotolewa kwa kugongwa ndani usiirudishe hata kama inaonekana nzuri.

Na hili bomba la katikati ndio nataka mlitilie mkazo kabisa, kuna mafundi wanalitupa au linapotea mtu anafunga bila hilo, inaonekana iko sawa. Bila bomba ukikaza nati unazibana beringi kwa pembeni, tairi linakuwa zito, zinapata moto na zinakufa baada ya muda mfupi, alafu lawama inaenda kwa beringi kuwa feki. Safisha kiti cha beringi, paka grisi kidogo, ingiza ya kwanza mpaka mwisho ukigonga duara la nje tu kwa soketi inayolingana nalo, tia bomba, ingiza ya pili mpaka iguse bomba na uishie hapo. Jaribu kwa kidole, duara la ndani la pande zote mbili lizunguke laini. Weka oili sili mpya, midomo yake ipakwe grisi.

Kwenye gia ya spidi paka grisi mpya, kiasi, usijaze, mana ikizidi ikipata joto inavuja kwenye viatu vya breki na hapo breki ya mbele huna. Waya wa ndani paka grisi kuanzia chini mpaka karibu theluthi mbili, sehemu ya juu iache kavu, grisi ikipanda kwenye saa inaua saa. Mshale unaocheza cheza hovyo mara nyingi ni waya mkavu au umepinda kona kali, pitisha kwa mzunguko mpana.

Kurudisha: paneli izungushe taratibu mpaka usikie masikio yameingia kwenye nafasi zake, ukikaza kabla hayajaingia unayavunja palepale. Alafu hakikisha mfereji wa paneli umekaa kwenye kizuizi kilichopo kwenye mguu wa shokapu. Tafadhali litazame hili kwa macho, usilipapase tu, mana kizuizi kile ndio kinaizuia paneli isizunguke ukishika breki, kisipokaa paneli inazunguka na tairi, waya wa breki unajifunga na tairi linaganda ghafla. Ingiza ekseli, shika breki ya mbele kwa nguvu huku mwenzako anakaza nati ili viatu vikae katikati, weka kipini kipya. Za XL, bonyeza shokapu juu chini kwanza, ndio ukaze vifuniko, nati za upande wa alama zinaanza.

Zungusha tairi, ulisikilize, ukaze waya wa spidi kwa mkono, ukiligeuza tairi taratibu mpaka ncha ya pembe nne iingie yenyewe. Rekebisha breki. Alafu nenda barabara tupu, linganisha mshale na spidi ya GPS ya simu akiwa ameishika mtu uliyempakia, jaribu kwenye 40 na kwenye 50 ambayo ndio mwisho wa kisheria maeneo ya makazi. Kama umeweka tairi kubwa kuliko la kiwandani mshale utasoma chini ya ukweli, mana gia inahesabu mizunguko tu. Ukirudi gusa hapu kwa mkono, ikiwa ya moto fungua tena uangalie bomba na viatu vya breki, na nati ya ekseli ikague upya kesho yake asubuhi.