Namna ya kumchagulia chakula kikavu paka ambaye tumbo lake huchafuka upesi

Paka akitapika mara kwa mara, au kinyesi chake kikawa hakishikani, usikimbilie kununua mfuko mwingine. Kaa chini kwanza uandike kila alichowahi kula: vyakula vikavu vyote alivyopitia, vya kopo, vitafunio, mabaki ya mezani, maziwa. Mbele ya kila kimoja andika nyama iliyomo na jinsi tumbo lake lilivyokuwa wakati huo. Nilipomwandikia Zabibu, paka wangu wa kijivu, niliona jambo ambalo macho hayakuwa yameliona: mifuko ilikuwa ya majina tofauti na rangi tofauti, lakini yote ilikuwa na samaki ndani, hata ule ulioandikwa kuku kwa herufi kubwa. Kwa maneno mengine, nilikuwa nabadilisha mfuko, yeye anaendelea kula kitu kilekile. Orodha hiyo ndiyo inayokuonyesha unatafuta nini, na nina imani nayo kuliko sifa zozote zilizochapwa kwenye mfuko.

Kabla ya chakula, hata hivyo, kuna daktari wa mifugo. Minyoo na vijidudu kama Giardia huharisha paka, na hakuna chakula kitakachoviondoa. Kwa paka mzee, kutapika na kukonda kunaweza kutoka kwenye tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, au kwenye figo. Peleka kinyesi kibichi cha siku hiyohiyo ndani ya kichupa safi kipimwe. Na usisubiri kabisa ukiona damu, ukiona anapungua uzito, anatapika mfululizo, amelegea, au ni mtoto wa paka anayeharisha. Watoto huishiwa maji mwilini haraka sana.

Sasa mtazame vizuri anavyoumwa, kwa sababu hapa ndipo uamuzi wote ulipo.

Kutapika na kucheua si kitu kimoja. Anayetapika hujikunja, tumbo linakaza na kuachia, anameza mate, kisha ndipo kinatoka kilichosagika nusu, pengine na nyongo ya njano. Anayecheua hufungua mdomo tu, na punje zinatoka nzima dakika chache baada ya kula, bila tumbo kuhangaika. Pili, paka wangu wa pili, ni wa namna hiyo: anakula kwa pupa. Yeye hakuhitaji chakula kipya. Alihitaji sahani pana yenye vinundu vinavyomlazimu kuokota punje moja moja, na milo midogo iliyogawanywa. (Akicheua hata baada ya kupunguziwa kasi, mpeleke akachunguzwe umio.)

Kwenye sanduku la mchanga nako kuna habari. Paka anayekwenda mara nyingi, anajikamua, anatoa kidogo kidogo chenye utelezi kama kamasi, shida yake kwa kawaida ipo utumbo mpana. Anayetoa kinyesi kingi, chepesi, chenye harufu kali, huku mwili ukipungua, shida yake mara nyingi ipo utumbo mwembamba. Hawa wawili hawafai kula mfuko mmoja. Wa kwanza mara nyingi hunufaika na nyuzinyuzi: kwenye orodha tafuta maganda ya mbegu za psyllium, masalia ya viazisukari vyeupe vilivyokamuliwa sukari, au mzizi wa chikori, ambao una inulini inayolisha bakteria wema. Wa pili anahitaji kinyume chake: nyuzinyuzi kidogo na nyama inayosagika kwa urahisi, ili utumbo uliochoka ufyonze kingi kwa kazi ndogo. Watu wengi hununua mfuko wenye neno la tumbo bila kuuliza ni sehemu gani ya tumbo, kisha wanashangaa mambo yakizidi.

Neno hilo lenyewe, la kwamba chakula ni cha matumbo yanayosumbua, halina kipimo cha kisheria ambacho kila mtengenezaji analazimika kukifikia. Kwa hiyo geuza mfuko.

Jambo la kwanza nyuma ya mfuko ni maelezo kwamba chakula kimekamilika na kina uwiano, na ni kwa paka wa umri gani. Mifuko ya Marekani hutaja vipimo vya AAFCO (chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo huko), ya Ulaya hufuata mwongozo wa FEDIAF (shirikisho la watengenezaji wa vyakula vya wanyama wa nyumbani). Bila maneno hayo, hicho ni kitafunio. Paka hawezi kujitengenezea taurini (kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama) ya kutosha mwilini kama wanyama wengine wengi. Ni katika miaka ya 1980 ndipo watafiti walipobaini kwamba paka waliokuwa wanakosa taurini kwenye chakula walikuwa wanapata ugonjwa wa moyo. Tumbo likitulia huku moyo unaharibika hujamsaidia.

Kisha majina. Katika utaratibu wa AAFCO, chakula kinachoitwa "kuku" bila nyongeza lazima kiwe na kuku wa asilimia 95 bila kuhesabu maji yaliyoongezwa. Kikiitwa "mlo wa kuku" au "mchanganyiko wa kuku" inatosha asilimia 25. Kikiwa "chenye kuku" inatosha asilimia 3 tu. Kikiwa na "ladha ya kuku", hakuna asilimia kabisa, mradi ladha ipatikane. Chakula kikavu karibu chote kinaangukia kwenye madaraja ya chini, kwa hiyo nyama nyingine zinaingia humo kihalali bila kutajwa mbele. Ndivyo samaki wa Zabibu alivyokuwa akipita.

Soma orodha ya viungo yote, hadi chini. Hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa, na nyama mbichi ni maji kwa kiasi cha theluthi mbili au zaidi. Kuku mbichi aliyeandikwa wa kwanza anaweza kuwa mchache kuliko unga wa kuku aliyekaushwa ulioandikwa wa tatu. Angalia pia njegere ikitajwa mara tatu: njegere, wanga wa njegere, protini ya njegere. Ukizijumlisha huenda ndizo zinazoongoza mfuko mzima, na kunde nyingi humletea gesi paka ambaye tayari hana raha. Mafuta ya samaki na supu ya ini zilizopuliziwa juu ya punje ili zinukie nazo ni nyama, zihesabu. Maneno ya jumla kama "nyama na mazao ya wanyama" mimi huyaacha dukani, kwa sababu hayakuambii ni mnyama yupi, na huwezi kumkinga paka na kitu usichokijua.

Kuhusu nafaka nitasema kifupi. Mfuko usio na nafaka haumaanishi mfuko mpole. Nyama zinazotajwa zaidi katika mizio ya chakula ya paka ni ng'ombe, samaki na kuku; mchele uliopikwa vizuri kiwandani humsumbua paka kwa nadra.

Kwa protini, usilinganishe namba kama zilivyo. Mfuko wenye protini asilimia 32 na unyevu asilimia 8 una kikavu asilimia 92, basi gawanya 32 kwa 92: unapata karibu asilimia 35. Kiwango cha chini cha AAFCO kwa paka mzima ni 26, kwa mtoto na mama anayenyonyesha ni 30, vyote kwa hesabu hiyo ya kikavu.

Baada ya hapo una njia mbili kuu. Ya kwanza ni nyama moja ambayo haimo kwenye orodha uliyoandika: sungura, bata, mbuzi, yoyote ambayo mwili wake haujawahi kukutana nayo. Zabibu alikwenda kwa sungura. Ya pili ni chakula ambacho protini yake imevunjwavunjwa kuwa vipande vidogo mno kiasi kwamba kinga ya mwili kwa kawaida haivitambui. Hiki hutolewa kwa ushauri wa daktari. Kama unashuku mzio wa kweli, ningekwenda moja kwa moja kwa hicho cha daktari, kwa sababu uchunguzi wa mifuko ya dukani inayodai nyama moja umekuta mara kwa mara masalio ya nyama nyingine ambazo hazikuandikwa.

Kubadilisha kunataka subira. Anza na robo ya kipya na robo tatu za cha zamani kwa siku mbili au tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu za kipya, hadi ufike kipya kitupu baada ya siku 7 hadi 10. Kwa paka mwenye tumbo bovu mimi huenda polepole zaidi, hata wiki mbili, na kinyesi kikilegea narudi hatua moja nyuma badala ya kusonga. Na kamwe usimwache na njaa ili akikubali. Paka asipokula siku mbili, hasa aliye mnene, mafuta humiminika kwenye ini na kulidhuru, na hilo laweza kumuua. Akigoma siku nzima, mrudishie cha zamani na umpigie daktari.

Wakati wa majaribio hakuna kingine kinachopita mdomoni. Hakuna vitafunio, hakuna maziwa (paka wengi wazima hawasagi sukari ya maziwa), hakuna dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama bila kumuuliza daktari, na sahani ya paka mwenzake iinuliwe mara amalizapo. Nyumbani kwangu Pili hula chumba kingine mlango umefungwa.

Pima kwa mizani, kwa gramu. Kikombe hudanganya, na kulisha kupita kiasi peke yake kunaharisha. Paka mzima wa kilo 4 anayekaa ndani huhitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku. Chakula chenye kalori 380 kwa gramu 100 kinakuwa kama gramu 60 tu, zigawe milo minne au mitano. Weka maji safi mbali na sahani ya chakula, sehemu zaidi ya moja, maana punje kavu zina maji kidogo sana.

Hifadhi punje ndani ya mfuko wake, umefungwa, penye baridi na giza, na umalize ndani ya wiki sita baada ya kuufungua. Mafuta yaliyooza huchafua tumbo bila kunuka sana kwako. Kwa hiyo usinunue mfuko mkubwa kwa paka mmoja.

Kwa tumbo, dalili za nafuu huonekana kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya kufika kipya kitupu: kinyesi chenye umbo kinachookotwa bila kuacha alama, kutapika kumekoma, uzito umesimama. Zisipoonekana, usirukie mfuko wa tano. Rudi kwa daktari mzungumzie upimaji wa vitamini B12, kongosho na ultrasaundi ya utumbo. Zikionekana, baki hapo hapo usimbadilishie kwa sababu unadhani amechoka na ladha. Kila ununuapo mfuko mpya wa chakula kilekile, soma tena orodha ya nyuma, maana watengenezaji hubadilisha viungo bila kubadilisha picha ya mbele, na uuchanganye na uliobaki wa zamani kwa siku tatu nne za kwanza.