Mpaka ukiliwa na lava: namna ya kukalisha majirani

Ukiitwa kupatanisha majirani wanaogombania mpaka, siku ya kwanza usibebe mita ya kupimia. Najua unayo. Mimi pia ninayo, ya mita 50, imening'inia nyuma ya mlango pamoja na timazi na uzi. Iache hapo. Ukiivuta mbele ya watu wenye hasira, kila mmoja anahamia upande wake kulinda sentimita zake, na kuanzia hapo hakuna anayekusikiliza tena.

Mimi ni fundi wa kujenga. Nimekuwa nikijenga kuta za mawe ya volkano hapa Goma, mashariki mwa Kongo, tangu 2002, na hakuna mtu aliyenichagua kuwa mpatanishi. Ni kwamba tu ugomvi mwingi wa avenyu yetu unaanzia kwenye uzi wangu. Nafunga uzi kwenye kigingi, jirani anatoka ndani na kitambaa begani, anauangalia uzi, ananiangalia mimi, halafu anauliza: "Fundi, hapo nani kakuambia upitishe?" Miaka zaidi ya 20 ya swali hilo, mtu unajifunza.

Kama hukai Goma, jua kwanza kwa nini mipaka yetu ina kelele. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani. Mahali pengine iliacha mwamba wa mita 2. Nyumba, kuta, miti, na zile borne, alama za mpaka za kadastre, yaani ofisi ya upimaji ardhi, vyote vilibaki chini yake. Watu walirudi mawe yakiwa bado na joto, wakaweka alama kwa rangi, kwa tairi, kwa vipande vya bati. Kwa hiyo katika sehemu zilizopitiwa na moto, mpaka unaouona juu ya ardhi ni kumbukumbu ya watu waliokuwa na haraka. Usiende pale ukidhani mmoja lazima ni mwizi. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli wanayoikumbuka.

Mara nyingi, si kila mara.

Kesi nitakayoifuata hapa ni ya mama mmoja muuza makala, yaani mkaa, na jirani yake mzee anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Tuwaite hivyohivyo, Mama Makala na Mzee wa Chukudu. Volkano ilipolipuka tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliendelea siku nyingi na kuta nyingi zikapasuka. Tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Mama alibeba watoto akaelekea Sake, halafu Minova. Mzee alibaki. Mama aliporudi mwezi wa 6, ukuta kati yao ulikuwa umeanguka na kujengwa upya, ila ulikuwa umesogea mguu mmoja na nusu kwake. Na nyuma yake migomba mitatu michanga.

Niliitwa mwezi wa 9. Walikuwa wameshatukanana vya kutosha.

Anza kwa kumwendea kila mmoja peke yake, nyumbani kwake, na ukubali kukaa. Usikubali kitu kingine. Mwaka fulani nilikunywa chupa mbili za bia kwa mmoja wa wagomvi kabla ya kikao, nikijiambia ni ukarimu tu. Mwenzake aliziona chupa dirishani. Kikao kile kilikufa kabla hakijaanza, na mpaka leo familia ile hainiiti hata kupiga lipu. Siku hizi nakunywa maji, kwa wote wawili, na pesa ya usafiri nakataa, maana naishi avenyu ileile.

Ukiwa naye, usiulize kuhusu mpaka. Uliza alikotoka na jinsi ardhi inavyogawanywa kwao. Swali hili linaonekana la kupoteza muda, nami ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mama Makala ni mzaliwa wa Kabare, huko Bushi. Kwao kuna kalinzi: unampa mwami, yaani chifu, au mkubwa wa ardhi ng'ombe, na shamba linakuwa la kuwarithisha watoto. Na kuna bwasa, ardhi ya kuazimwa kwa muda, ambayo mwenye kuazima hapandi mgomba wala kahawa, kwa sababu kupanda kitu cha kudumu ni kudai kwamba mahali ni pako. Sasa elewa alichokiona mama yule aliporudi kutoka Minova. Mimi niliona ukuta uliosogea. Yeye aliona migomba. Mzee alikuwa amenunua udongo kwenye magunia, akaumwaga juu ya mawe, akapanda. Kwa mzee ilikuwa ndizi ya kula. Kwa mama ilikuwa tangazo.

Kama ningeanza na mita, tungemaliza habari ya ukuta na kuacha migomba imesimama pale, na ugomvi ungerudi kabla ya Noeli.

Kisha chagua watu. Mkubwa wa nyumba kumi na shefu wa avenyu lazima wawepo, hata kama mmoja wao anasinzia. Ongeza mtu anayekumbuka mahali palivyokuwa kabla ya 2002, na kijana mmoja kutoka kila nyumba, kwa sababu ndio watakaorithi ugomvi. Wakae nje, penyewe kwenye mpaka, chini au kwenye vigoda. Usiruhusu kiti cha plastiki kwa mmoja na jiwe kwa mwingine. Nimeona kikao kikivunjika kwa sababu ya kiti.

Majirani zetu wote wana namna yao ya kukaa hivi. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, gacaca ilichukua jina lake kutoka kwenye nyasi ambazo watu walikalia. Zamani ilikuwa ya ugomvi wa mifugo na mashamba, kama huu wetu. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 serikali iliigeuza kuwa mahakama kamili, zaidi ya 12,000, zilizohukumu karibu kesi milioni 2 mpaka zilipofungwa 2012, na zilikuwa na uwezo wa kufunga mtu jela. Hilo ni jambo jingine na zito, tusilichezee. Burundi wana bashingantahe, wazee wenye fimbo iitwayo intahe. Waacholi wa Uganda wana mato oput: baada ya mtu kuuawa, na baada ya upande uliokosa kukiri na kulipa fidia, koo mbili zinakunywa pamoja dawa chungu ya mizizi. Wachaga wa Kilimanjaro, Tanzania, wanapanda mmea uitwao isale kwenye mipaka ya mashamba, na jani la isale hilohilo ndilo mtu anapeleka anapoomba msamaha. Hilo la mwisho linanipendeza mimi kama fundi: mti wa kuonyesha mpaka na mti wa kuomba radhi ni mmoja.

Usiige fimbo ya watu wala mizizi yao. Angalia mpangilio tu. Kwa Waacholi, kukiri kunatangulia kunywa. Kwenye gacaca, aliyekiri mapema alipunguziwa adhabu. Kwetu kosa la wapatanishi wengi ni kukimbilia faini, "toa mbuzi tumalize", kabla mtu hajasema alichofanya. Mbuzi analiwa na neno linabaki kooni.

Kwa hiyo uliza swali linalojibika kwa siku na kwa jina. Usiseme "Kwa nini ulimwibia mwenzako?" Sema: "Ukuta huu ulisimamishwa siku gani, na nani alishika uzi?" Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wanashindwa, wanaogopa ukimya na kuanza kuhubiri.

Mzee alisema tetemeko liliuangusha naye akaurudisha palepale. Sikumbishia. Niliomba sururu, nikachimba kwenye ncha mbili za ukuta mpya, upande wa mzee, mbele ya wote. Kwenye kina cha mkono mmoja ukatokea msingi wa zamani: mawe yamekaa kwa mpangilio, saruji iliyochanganywa na mchanga mweusi, na ndani yake kizibo cha chupa kilichobanwa, kama wafanyavyo vibarua wanaokunywa kazini. Kwa ncha ya pili vilevile. Nilifunga uzi kutoka shimo hadi shimo. Ukuta mpya ulikuwa peke yake kule pembeni.

Mzee aliangalia ule uzi kwa muda mrefu. Akasema: "Niliusogeza. Nilifikiri harudi."

Watu wawili walianza kusema kwa pamoja, shefu akawanyamazisha. Mama hakusema kitu. Baadaye aliniambia kwamba neno la pili lilimuuma kuliko la kwanza.

Baada ya hapo malipo ni rahisi kuliko unavyodhani, na ndipo sasa unamtuma mtoto akalete mita. Mzee alibeba gharama ya kurudisha ukuta. Migomba, mama mwenyewe alisema isikatwe mpaka izae, ila mkungu ukatwe na yeye. Shefu alitaka kreti ya bia kwa ajili ya wazee. Tuliafikiana kwa sukre, yaani soda, kwa kuwa wawili kati yetu ni walokole. Mtoto wa mzee hakufurahi na aliondoka kabla ya kusaini. Usimkimbilie. Nilimpata wiki iliyofuata.

Andikeni karatasi siku ileile. Iwe kwa Kiswahili, nakala tatu, na mpaka upimwe kutoka kitu kisichohama: pembe ya nyumba ya matofali, bomba la maji, kamwe usipime kutoka kwenye mti. Dole gumba kwa asiyesaini, na muhuri wa mtaa. Lakini usiwadanganye watu kuhusu nguvu yake. Kwa sheria ya Julai 20, 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na tunachokuwa nacho sisi ni haki ya kuitumia. Karatasi ya avenyu inaonyesha kwamba mlipatana. Haishindi cheti cha usajili. Mmoja akitoa cheti mfukoni, simamisha kikao, waelekeze kadastre, na wakishindwana huko, mahakamani.

Na kuna mambo ambayo hukalishi kabisa. Damu ikimwagika, mpigie polisi. Binti akibakwa, usithubutu kukaa na familia mbili na mbuzi katikati. Sheria za 2006 zinahusu jambo hilo, na anayelipatanisha anamfichia mkosaji. Mwizi akishikwa usiku na vijana wakaanza kutafuta tairi la kumchomea, kazi yako ni kumweka hai mpaka akabidhiwe. Wakikuambia polisi watamwachia kesho, waambie Katiba inaruhusu kumshikilia mtu saa 48 kabla ya kumpeleka mbele ya mwenye mamlaka ya sheria, na kwamba mashahidi wakienda asubuhi kutoa maelezo, haachiwi kirahisi. Halafu asubuhi uende nao kweli.

Pita tena baada ya mvua kubwa ya kwanza. Ukuta mpya unashuka kidogo upande wa udongo, na mtu anaweza kudhani umesukumwa usiku.

Nakala ya karatasi mwambie kila mmoja aiweke kwenye mfuko wa kukimbia nao, pamoja na kadi ya mpiga kura na diploma za watoto, si kwenye kabati. Mama Makala yake ameishonea ndani ya mto wa kulalia.