Kuweka alantoini kwenye losheni bila kuacha chengachenga

Alantoini, kiungo cha vipodozi, hupatikana asidi ya yuriki (iliyomo kwenye mkojo) inapooksidishwa. Wanakemia Wöhler na Liebig waliitengeneza hivyo maabara katika miaka ya 1830, wakitumia dioksidi ya risasi. Unga mweupe wanaonunua watengenezaji wa vipodozi siku hizi kwa kawaida hutokana na urea na asidi ya glioksili, kwa hiyo mwenye wasiwasi kwamba umetoka kwenye mkojo wa mnyama atulie.

Kwenye losheni kazi yake ni kulainisha ngozi kavu na kuikinga. Shida yake ni kuyeyuka. Gramu 100 za maji ya nyuzi 25 hubeba takriban gramu 0.5 tu, na kwenye mafuta haiyeyuki. Ukizidisha, losheni itatoka laini jioni, na baada ya siku chache itakwaruza kama ina mchanga.

Vipimo vya gramu 500

Maji yaliyokenekwa 391.5, gliserini 20, alantoini 1.5, mafuta ya maji 50 (ya alizeti yanafaa), nta ya emulsheni (inayoshikanisha mafuta na maji) 25, alkoholi ya setili (ya kuipa losheni uzito) 7.5, na kihifadhi cha fenoksiethanoli 4.5.

Hiyo alantoini ni 0.3% ya losheni yote. Wengi huteleza hapa: kikomo cha 0.5% hupigiwa hesabu kwenye maji peke yake. Ukiweka gramu 2, yaani 0.4% ya losheni yote, ndani ya maji haya tayari umefika 0.51%. Kwa gramu 1.5 unabaki na 0.38%, nafasi ya kutosha hata chumba kikipoa.

Hatua ya 1. Pima alantoini kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haitofautishi 1.5 na 2, na tofauti hiyo ndiyo inayoharibu losheni.

Hatua ya 2. Pima uzito wa chombo kitupu, andika, kisha tia maji na gliserini. Kiweke ndani ya sufuria ya maji moto hadi kifike nyuzi 70. Nyunyiza alantoini kidogo kidogo huku unakoroga. Ukiimwaga yote kwa mkupuo hufanya mabonge yanayoelea. Koroga hadi maji yawe maangavu kabisa, kisha mulika tochi kwa ubavuni. Ukiona vitu vinametameta, bado haijayeyuka. Usiongeze moto kwa haraka: kukaa muda mrefu juu ya nyuzi 80 huanza kuivunja alantoini.

Hatua ya 3. Rudisha chombo kwenye mizani. Maji yaliyopotea kwa mvuke yafidie kwa maji moto yaliyokenekwa. Hatua hii huonekana ndogo na hurukwa sana, lakini gramu 40 zikipotea, alantoini iliyobaki imekolea zaidi ya ulivyokusudia.

Hatua ya 4. Yeyusha mafuta, nta na alkoholi ya setili pamoja hadi nyuzi 70. Mimina kwenye maji, saga kwa blenda ya mkono dakika 2 au 3, kichwa chake kikiwa kimezama ili usiingize hewa. Endelea kukoroga taratibu kadiri inavyopoa.

Hatua ya 5. Ikishuka chini ya nyuzi 40, tia kihifadhi. Chukua gramu 1 ya losheni, changanya na gramu 9 za maji yaliyokenekwa, upime pH (kipimo cha uasidi). Lenga 5 hadi 5.5, ikiwa juu, shusha kwa matone ya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji. Alantoini haivumilii magadi: pH ikipita 8 huanza kuoza na kuwa asidi ya alantoiki. Kwa sababu hiyo kuiweka kwenye sabuni ya mche ni kuitupa.

Hatua ya 6. Weka kijiko kimoja kwenye friji usiku kucha. Asubuhi kipake chembamba juu ya kioo, weka karatasi nyeusi chini, uangalie. Fuwele za alantoini ni ngumu na hukwaruza kidoleni. Chembe zinazolainika na kuyeyuka kwa joto la kidole ni nta au alkoholi ya setili iliyoganda kwa kupozwa haraka. Usizichanganye hizi mbili, maana tiba zake ni tofauti: za nta hutaka upoze taratibu zaidi.

Kupasha moto losheni yenye fuwele huziyeyusha, lakini ikipoa hurudi, mara nyingi zikiwa kubwa zaidi. Punguza kiasi cha alantoini kwenye mchanganyiko unaofuata. Anayetaka 1% atengeneze krimu nzito badala ya losheni: ayeyushe ile 0.3% kwenye maji moto, na 0.7% iliyobaki aiongeze chini ya nyuzi 40 ikiwa unga uliosagwa laini sana, akiwa ameuchanganya kwanza na gliserini kidogo aliyoitenga. Humo haikusudiwi kuyeyuka. Uzito wa krimu ndio unaoishikilia isizame.