Kabla hujasema "mwizi": kitabu cha picha na watoto wa awali

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la awali kilipotea kifutio. Chekundu, cha umbo la stroberi, kipya, na mwenyewe alikuwa analia kama amefiwa. Nikafanya kile nilichofanyiwa mimi nikiwa mdogo: nikawapanga watoto mstari, nikapekua mifuko, soksi na mabegi. Nilipomfikia kijana mmoja karibu na mwisho wa mstari, alikuwa ameshajikojolea. Kifutio hakikuwa kwake. Kilikuwa chini ya mkeka.

Ni miaka kumi na moja sasa, hapahapa Dodoma, na sijapekua mtoto tena. Siku hizi kazi ya kumfundisha mtoto asichukue cha mwenzake naifanya kwa kitabu cha picha, na naifanya mapema, kabla kitu hakijapotea.

Kinachotangulia si kitabu, ni maneno. Muulize mtoto wa miaka minne au mitano ameitoa wapi kalamu ya mwenzake, atakujibu: "Nimeokota." Si kila mara anadanganya. Kwake yeye kitu kilicho chini hakina mwenyewe. "Changu" alijua kusema zamani. "Chako" na "chake" ndiyo kwanza vinamwingia. Na nyumbani tunamchanganya. Sukari ni ya wote, kandambili ni za atakayewahi, akichomoa kipande cha nyama sufuriani anaambiwa amedokoa, na watu wanacheka. Kesho yake anachukua karanga kwenye meza ya mama jirani, anaambiwa ameiba, anachapwa. Hiyo tofauti ataijulia wapi?

Kwa hiyo wiki ya kwanza nachukua kitabu chochote chenye picha zilizojaa vitu: soko, jiko, stendi. Naweka kidole. "Ndoo hii ya nani? Umejuaje? Na hii chupa iliyoanguka, je?" Halafu tunaigiza kwa vizibo vya soda tunavyohesabia: kupewa, kuazima, kuokota, kuchukua bila kuomba. Kuokota ndiko kunakochukua muda, maana lazima waone kwamba kilichookotwa kina mtu anayekitafuta. Neno "kuiba" linakuja mwisho kabisa. Neno "mwizi" silimpi mtoto hata kwa utani. Sote tunajua likipigiwa kelele sokoni kinachofuata ni nini, na watoto nao wameshaona.

Sasa kuchagua kitabu. Hapa nitawakera wengine. Hadithi za Sungura nazipenda, bibi yangu alitusimulia nyingi kule Mpwapwa tukimenya karanga. Lakini Sungura anaiba asali, anamsingizia Fisi, na sisi wote tuko upande wa Sungura. Utamu wake ndio huo, wala sitaki ubadilishwe. Ila kwa kazi hii nataka kitabu chenye mtoto wa watu, mwenye kaptula na magoti yenye vumbi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha jaribio la watoto wa miaka 4 hadi 6: wengine walisomewa kitabu cha kugawana chenye watu, wengine kitabu hichohicho kikiwa na wanyama waliovishwa nguo. Waliosomewa cha watu ndio waliogawa stika zao zaidi baadaye. Cha wanyama hakikuwaongezea ukarimu.

Angalia pia kinavyoisha. Vingi vinaisha kwa kukimbizwa, kupigwa au kuchekwa. Mwaka 2014 mtafiti Kang Lee na wenzake walijaribu hadithi kwa watoto wa miaka 3 hadi 7. Zile ambazo mwongo anaishia pabaya hazikuwasaidia kusema kweli. Iliyosaidia ni ya mtoto aliyekata mti wa baba yake, akakiri, akasifiwa kwa kukiri. Ndiyo maana ule msemo wetu wa "za mwizi arobaini" nimeuacha kwa wakubwa. Mtoto akiusikia anajifunza habari ya kukamatwa, na habari ya mwenye mali haimo. Hata kumtishia mtoto kwa polisi ni bure: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai.

Vitabu vya bure vya Kiswahili vipo kwenye mtandao wa African Storybook, unapakua, unachapa. Lakini ukikosa, tengeneza. Changu nilikitengeneza kwa manila, kalamu za rangi, sindano ya magunia na uzi mnene. Mimi si mchoraji, mikono ya watu wangu inafanana na majembe, na watoto hawajawahi kulalamika.

Picha ni saba. Mtoto aitwaye Tatu anakwenda bombani na ndoo. Anapita shamba la zabibu la babu jirani. Mkono wake uko kwenye kichala. Anakula amejificha nyuma ya mbuyu, maji ya zabibu yanamtiririka hadi kwenye viwiko. Ya tano, babu amesimama mbele ya mzabibu, ameshika kikonyo kilichobaki. Ya sita, Tatu yuko mbele ya babu, kichwa chini. Ya saba, Tatu anamwagia mizabibu ya babu maji kwa ile ndoo yake. Hiyo ya mwisho niliifikiria siku nyingi, kwa sababu zabibu zimeshaliwa, hazirudi, na "samahani" peke yake mtoto anaitoa kama chafya. Kwa huku kwetu, ndoo ya maji ni malipo ambayo hata mtoto wa miaka mitano anayaelewa.

Darasa langu lina watoto 64, na picha hiyo aliyekaa nyuma haioni. Nawachukua kumi kumi mkekani, wengine wanafinyanga udongo. Maneno siandiki mengi. Picha ya tano nanyamaza kabisa, nahesabu moja hadi ishirini moyoni. Usiharibu ukimya huo. Mwaka jana mmoja alianza: "Babu amekasirika." Mwenzake akamkatalia: "Hajakasirika, alikuwa anangoja ziive." Wa tatu, binti ambaye huwa hasemi neno, akagusa kile kikonyo kwa kidole akasema, "Angeomba, angepewa." Hapo mimi nina kazi gani tena? Nafunua ukurasa.

Swali ambalo sitaki lisikike ni "Je, kuiba ni vizuri?" Utajibiwa "Hapanaaa!" na darasa zima hadi mabati yatikisike, na hujapata kitu. Uliza kuhusu picha: babu anatazama nini, Tatu anaogopa nini, nani mwingine alizisubiri zabibu zile.

Na kitu kikipotea kweli, usikitoe kitabu siku hiyo. Nilifanya kosa hilo mara moja, vichwa vyote vikamgeukia mtoto mmoja. Ngoja siku mbili tatu. Mimi nina boksi la biskuti karibu na mlango, "boksi la vinavyorudi", na kila mtoto anapita pale akienda chooni. Nimerudishiwa humo penseli, shanga, mguu wa mwanasesere, mara moja shilingi mia mbili. Siulizi nani.

Kilichochukuliwa kikiwa ni chakula, weka kitabu kando kwanza. Muulize amekula nini asubuhi.

Kitabu changu chenyewe kiliwahi kutoweka. Ijumaa kipo, Jumatatu hakipo, na walimu wenzangu walicheka mpaka basi: kitabu cha wizi kimeibiwa! Nilinyamaza. Jumatano nikakikuta ndani ya boksi, kina alama ya kidole chenye mlenda kwenye shamba la babu. Saa ya mapumziko kijana mmoja akanifuata, akasimama nyuma ya kiti changu ili nisimwone usoni.

"Mwalimu, mimi niliazima. Ila sikuomba."

"Ulimsomea nani?"

"Mdogo wangu."

Nikashona cha pili. Kinatoka kila Ijumaa, na anayekitaka anakuja kukiomba.