Jinsi ya Kujitengenezea Padi ya Kujizoeza Kuandika Herufi za Kichina

Anayejifunza Kichina kwa kompyuta huishia kuzitambua herufi nyingi kuliko anazoweza kuziandika, kwa kuwa akichapa matamshi kwa pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini, kompyuta humletea herufi iliyokwisha kamilika. Ila kuandika kwa mkono bado kunahitajika: viwango vya lugha ya Kichina vilivyoanza kutumika Julai 2021 vina orodha ya pekee ya herufi za kuandika, 300 zikiwa za ngazi ya mwanzo. Padi inayoelezwa hapa huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na mwenye uzoefu kidogo wa kushika waya anaweza kuiunda mwenyewe.

Padi iliyomo kwenye kompyuta ya mkononi haikidhi haja hii, kwa sababu hupima mwendo wa kidole tu bila kujali kilipowekwa; ukikiinua na kukiweka pengine, mshale hubaki ulipokuwa. Herufi za Kichina hazivumilii jambo hilo. 土 (udongo) na 士 (msomi) hutofautiana kwa urefu wa mistari miwili ya mlalo peke yake, na nukta za 心 (moyo) kila moja ina mahali pake. Kwa hiyo kila sehemu ya padi sharti ilingane na sehemu moja tu ya skrini, na sharti hilo ndilo linaloamua karibu kila hatua inayofuata.

Tafuta kioo cha tachi chenye waya nne, cha aina ile ya kubonyezwa, chenye ukubwa wa inchi 7 hivi, kama vilivyofungwa kwenye redio nyingi za magari. Kioo cha simu ya kisasa hakifai, kwani hakisikii ncha ya plastiki ya kawaida na hudai chipu yake maalumu. Upande wa bodi, yaani kompyuta ndogo itakayosoma kioo, chukua Arduino Leonardo au Pro Micro, ambazo chipu yake, ATmega32U4, inaweza kujitambulisha kwa kompyuta kama kipanya. Usishawishike na Arduino Uno kwa sababu ya bei, maana kazi hiyo haiifanyi bila usumbufu.

Ndani ya kioo hicho mna tabaka mbili angavu zinazopitisha umeme, zilizotenganishwa na vitone vidogo sana, ambazo hugusana pale tu kalamu inapobonyeza. Bodi hupeleka volti 5 upande mmoja wa tabaka la kwanza na sifuri upande wa pili, kisha husoma kupitia tabaka jingine volti zilizopo mahali palipobonyezwa na kuzigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1023. Baada ya hapo tabaka hubadilishana kazi ili kupata kipimo cha mhimili wa pili.

Kabla ya kuunganisha, tambua waya kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Waya mbili za tabaka moja huonyesha ukinzani wa mamia kadhaa ya ohm wakati wote, ilhali waya za tabaka tofauti hazionyeshi chochote mpaka ubonyeze kioo. Ziunganishe zote nne na pini A0 hadi A3 kwa kutumia soketi ya utepe, yaani ule ukanda bapa unaobeba waya za kioo. Usichomee risasi moja kwa moja kwenye utepe wa kioo, kwa sababu plastiki yake huyeyuka kabla risasi haijashika.

Programu utakayoiandikia bodi ndiyo inayodai subira. Kila mara isome mahali pamoja mara tano na kuchukua thamani ya katikati, tena itupe masomo ya kwanza kalamu inapotua na ya mwisho inapoinuka, kwa kuwa wakati huo tabaka hazijagusana sawasawa. Ukipuuza hilo, kila mstari utaota kamkia mwishoni, na katika Kichina kamkia hako si uchafu tu, kwani huweza kusomwa kama ndoana iliyo sehemu halali ya mstari.

Kumbuka pia kwamba namba zilezile 1024 zimetandazwa kwenye upana wa takriban sentimita 15 na kwenye urefu wa takriban sentimita 9, hivyo usiporekebisha, mraba utatoka umevutwa. Chagua eneo la mraba upande mmoja wa kioo, bonyeza pembe zake nne, andika namba zinazosomeka, kisha zilinganishe na pembe za kisanduku cha kuandikia kwenye skrini. Maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) ya kawaida ya Mouse husogeza mshale kwa hatua kutoka ulipo. Tumia AbsoluteMouse iliyomo katika maktaba ya HID-Project, ambayo huupeleka mahali mahususi kwa namba kati ya -32768 na 32767. Peleka mshale kwanza, ndipo ubonyeze kitufe cha kushoto. Ukigeuza mpangilio huo, mstari wa ziada utachorwa kutoka ulipoishia mstari uliotangulia.

Kwa kuwa kioo ni angavu, chini yake weka karatasi yenye mraba uliogawanywa sehemu nne, ambao Wachina huuita tianzige na kuutumia katika madaftari ya wanafunzi. Fremu ya mbao nyembamba inatosha, mradi isikandamize kingo za kioo, la sivyo bodi itadhani kalamu imebonyeza muda wote.

Jaribu padi kwa Hanzi Writer, programu huria ya kwenye kivinjari, ambayo katika hali ya maswali hukagua umbo na mfuatano wa mistari. Anza na 十, kisha uende kwenye 永, herufi ambayo tangu zamani hutumika kufundishia mistari minane ya msingi. Ikiwa mstari wa mlalo wa 十 unakubaliwa lakini ule wa wima unakataliwa kila mara, huenda mhimili wa wima umegeuka juu chini. Badilishana namba za kingo zake mbili katika programu, kisha ujaribu tena.